Umri wa Bi Kidude: Uhakiki wa Madai ya Maisha Binafsi katika Wasifu wa Mtandaoni

Maandishi mengi ya wasifu yanayopatikana mtandaoni humweleza Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, kuwa alizaliwa mwaka 1910 au katika muongo ulioanza mwaka huo, katika kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, akiwa binti wa muuza nazi. Huelezwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka 13 alikimbilia bara ili kuepuka ndoa ya kulazimishwa. Kwamba baada ya ndoa nyingine iliyomshinda alitembea miguu mitupu katika sehemu kubwa ya Tanganyika. Kwamba katika miaka ya 1930 aliimba Dar es Salaam na kundi la taarab la Kimisri. Na kwamba katika miaka ya 1940 alirejea Unguja, akapata nyumba ndogo ya udongo na kuendelea na kazi ya kuimba na kuwafunda wari. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Kati ya mambo yote hayo, kifo ndicho kilichoandikwa siku kilipotokea na watu walioshuhudia. Yaliyobaki yote yametoka katika masimulizi, na mengi katika hayo yametoka kinywani mwa mhusika mwenyewe akiwa tayari ni mzee na tayari ni mashuhuri.

Makala haya hayakusudii kuthibitisha wala kukanusha kwamba Bi Kidude alipindukia miaka mia moja. Yanahakiki namna dai hilo, pamoja na madai mengine kuhusu ndoa na safari zake, yalivyojengwa katika matini za mtandaoni, na jinsi msomaji wa kitaaluma anavyopaswa kuyapima. Hoja ya msingi ni kwamba kasoro kubwa ya matini hizo haimo katika uongo. Kasoro yake ni kwamba huchukua tamko lililotolewa katika mazingira maalumu, mbele ya hadhira maalumu na katika utanzu wenye kanuni zake, zikaligeuza kuwa takwimu isiyo na msemaji. Kwa hiyo uthibitishaji unaoanza kwa kutafuta hati umechelewa hatua moja. Kwanza lazima tujue ni nani aliyesema, alimwambia nani, na alikuwa akifanya nini aliposema.

Suala hili si la udadisi mtupu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mnamo 1880 kwa makadirio, alirekodi sahani zake za kwanza Bombay mwaka 1928 na kufariki tarehe 8 Julai 1950. Bi Kidude hutajwa kila mara kama aliyepokea sanaa kutoka kwa Siti. Ikiwa alizaliwa mwaka 1910, basi alikuwa msichana wa miaka 18 wakati sahani za Bombay zinatoka, na urithi huo unaweza kuwa wa ana kwa ana, katika miaka ambayo Siti alikuwa kileleni. Ikiwa alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, basi yeye ni wa kizazi kilichomkuta Siti akiwa mzee na kilichomjua zaidi kwa sauti ya santuri. Hizo ni historia mbili tofauti za jinsi uimbaji wa wanawake ulivyorithishwa Unguja. Mtafiti anayenakili mwaka 1910 kutoka ukurasa wa mtandaoni amekwisha kuchagua mojawapo bila kujua kwamba amechagua.

Rupia ya bara na rupia ya visiwani

Kidokezo cha wakati kinachorudiwa katika simulizi za kuzaliwa kwa Bi Kidude ni kwamba alizaliwa zama za rupia. Hiki ni kidokezo cha thamani, kwa sababu ni cha namna ile ambayo watu wa pwani waliitumia kwa muda mrefu kuhifadhi tarehe: mtu huwekwa kando ya tukio au hali ambayo jamii nzima inaikumbuka. Wazee wa Unguja wa vizazi vilivyotangulia waliweza kuhesabu kutoka kimbunga cha mwaka 1872, au kutoka siku ya Agosti 1896 ambapo manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kasri la Sultani. Watu wa leo huhesabu kutoka Mapinduzi ya Januari 1964. Kalenda ya namna hii haina upungufu wa akili wala wa usahihi. Upungufu huja pale anayeisoma asipojua kalenda hiyo ni ya wapi.

Na hapa ndipo wasifu wa mtandaoni unapoteleza. Bara, rupia iliondoka mapema: baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliiondoa, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 shilingi ikawa ndiyo fedha ya Tanganyika na Kenya. Msomaji mwenye historia hiyo kichwani akisikia kwamba mtu alizaliwa zama za rupia, atamweka kabla ya mwaka 1920 bila kusita, na akiongeza kidogo kwa ajili ya heshima ya uzee, atafika 1910. Lakini Zanzibar ilikuwa na serikali yake na fedha yake. Rupia ya Zanzibar, iliyotolewa kuanzia mwaka 1908 na kwenda sambamba na rupia ya India, iliendelea kuwa fedha halali hadi mwisho wa mwaka 1935. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika visiwani tarehe 1 Januari 1936. Hivyo mtoto aliyezaliwa Mfagimaringo mwaka 1934 alizaliwa zama za rupia sawasawa na yule aliyezaliwa mwaka 1910. Wa kwanza angefariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 79 hivi. Wa pili angekuwa amepindukia mia.

Sidai kwamba Bi Kidude alizaliwa mwaka 1934. Ninachodai ni kwamba ushahidi wa rupia, ukisomwa kwa historia ya mahali unapotoka, unaweka mpaka wa mwisho tu: si baada ya 1935. Hauna uwezo wa kutoa mwaka. Mwaka umeongezwa na msomaji. Wala haitoshi kuulaumu ugeni wa wanaoandika, kwa sababu Mtanzania wa bara anaweza kukosea hapa kwa urahisi uleule, pengine kwa urahisi zaidi, kwa kuwa anadhani anaijua rupia.

Kuna jambo la lugha linaloongeza utelezi huu. Matini za Kiingereza huweka kifupisho kidogo mbele ya mwaka kuonyesha kwamba ni wa kukadiria. Kiswahili kina maneno ya kazi hiyo: takriban, yapata, kwa makadirio. Lakini neno linalotumiwa zaidi katika wasifu ni mnamo, na mnamo lina pande mbili. Kwa baadhi ya waandishi humaanisha karibu na wakati fulani. Katika matumizi ya kawaida ya magazeti na vitabu vya historia hutangulia tarehe kamili, kama vile mnamo tarehe 9 Desemba 1961. Mwandishi akiandika mnamo mwaka 1910 kwa nia ya kukadiria, anayemfuata atasoma mwaka kamili, na wa tatu ataandika mwaka 1910 pasipo neno lolote mbele yake. Hakuna aliyedanganya. Kadirio limekufa njiani, na kaburi lake ni neno moja lenye maana mbili. Mwandishi wa makala haya amelitumia neno hilo juu, kuhusu kuzaliwa kwa Siti, lakini akaliongezea maneno kwa makadirio. Bila nyongeza hiyo sentensi ingekuwa na kasoro ileile.

Kwa haki ni lazima isemwe kwamba maelezo yanayosambazwa zaidi kuhusu Bi Kidude hukiri kwamba tarehe yake ya kuzaliwa haijulikani na kwamba sehemu kubwa ya maisha yake haina uthibitisho. Ila ungamo hilo hufanya kazi ya ajabu. Huja pamoja na wazo kwamba ukosefu huo wa uthibitisho ndio uliompa hadhi ya kuwa kama kiumbe wa visasili. Tahadhari inageuka pambo. Msomaji aliyeambiwa asiamini anaambiwa papo hapo kwamba kutojua kwake ni sehemu ya utamu, kisha aya inayofuata inampa umri wa miaka 13, miaka ya 1930 na miaka ya 1940 kana kwamba ungamo halikuwapo.

Mnyororo unaojishikilia wenyewe

Mtetezi wa mwaka 1910 anaweza kusema kwamba mwaka huo unalingana na matukio mengine yote. Ni kweli. Ukiongeza miaka 13 unapata 1923, wakati wa kukimbia kuozwa. Ongeza miaka ya ndoa ya pili na ya kutembea, unafika miaka ya 1930 Dar es Salaam. Ongeza muongo mmoja, unamrudisha Unguja akiwa mwanamke wa makamo anayeweza kujipatia nyumba. Hesabu inakubali kila mahali.

Lakini ulinganifu si ushahidi mpaka ijulikane kwamba vipande vinavyolingana vilipatikana kwa njia tofauti. Ikiwa miaka ya 1930 ilitolewa na mtu aliyeanza na 1910 na kuhesabu kwenda mbele, basi 1910 haithibitishwi na miaka ya 1930; inajitazama katika kioo. Dalili zinaelekea huko. Miongo katika wasifu huu ni mizima mno, inafuatana kwa mpangilio mno, na hakuna hata mmoja uliofungwa kwa tukio la nje: hakuna vita, hakuna njaa, hakuna gavana, hakuna meli iliyotajwa. Mwanamke aliyeishi Tanganyika katika miaka ya 1930, kisha akaishi Unguja wakati wa Vita Kuu ya Pili, angekuwa na mengi ya kuambatisha kwenye kumbukumbu zake. Wasifu wa mtandaoni haukumuuliza, au ulimuuliza na kuacha majibu.

Namna madai yanavyojithibitisha kwa kuzunguka imekwisha kuonekana waziwazi kwingine. Mwaka 2009, Karl-Theodor zu Guttenberg alipoteuliwa kuwa waziri nchini Ujerumani, mtu asiyejulikana aliongeza jina Wilhelm katikati ya majina yake mengi kwenye Wikipedia ya Kijerumani. Vyombo vya habari, vikiwamo vyenye sifa kubwa, vilinakili jina hilo; wahariri wa Wikipedia walipotaka uthibitisho, habari za vyombo hivyohivyo zikawekwa kuwa ndiyo uthibitisho. Kosa hilo liligunduliwa upesi kwa sababu majina ya mwanasiasa huyo yalikuwa yameandikwa kwingine na mwenyewe alikuwa hai. Kwa binti wa muuza nazi wa Mfagimaringo hakuna rejista ya kusimamisha mzunguko. Mzunguko unaendelea, na kila mara unapozunguka orodha ya vyanzo inarefuka. Mtahini anayeona dai moja limewekewa marejeo sita anapaswa kuuliza iwapo ni mashahidi sita au ni shahidi mmoja aliyebadilisha kanzu mara sita.

Kipo kipengele kimoja katika mnyororo huu ambacho, kwa maoni yangu, kinaweza kukatika vizuri kikachunguzwa peke yake, nacho ni lile kundi la taarab la Kimisri. Maneno haya humfanya msomaji aone wanamuziki kutoka Misri waliopiga kambi Dar es Salaam. Lakini Dar es Salaam ilikuwa na klabu ya taarab iliyojulikana kwa jina la Egyptian Musical Club, mshindani wa Al-Watan, na wanachama wake walikuwa Waswahili wa mji huo waliojinasibisha na muziki wa Misri kwa mapenzi ya nyimbo na santuri za huko. Ni jambo la kawaida katika taarab: jina la klabu hutangaza mahali ambapo sikio limeelekea, na halina lazima ya kutaja mahali watu walikozaliwa. Hivyo inaelekea sana kwamba jina la klabu limetafsiriwa kama sifa ya kabila. Ikiwa ndivyo, dai lililoonekana la ajabu zaidi katika wasifu mzima ndilo linaloweza kuchunguzwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa klabu huwa na wanachama, picha za pamoja, sare, sherehe na mahasimu wenye kumbukumbu nzuri. Uhakiki mzuri hauishii katika kubomoa. Hapa kusahihisha tafsiri moja kunafungua mlango wa ushahidi ambao tafsiri hiyo iliufunga.

Kungwi anaposimulia maisha yake

Bi Kidude hakuwa mwimbaji wa taarab tu. Alikuwa mpiga msondo na mwalimu wa unyago, mtu ambaye kwa miongo mingi kazi yake ilikuwa kuwatayarisha wasichana kwa ajili ya ndoa na mwili wao wenyewe. Wasifu wa mtandaoni hulitaja jambo hili katika fungu la kazi zake, karibu na tuzo ya WOMEX ya mwaka 2005, kisha huendelea. Kwa mhakiki wa fasihi simulizi hapo ndipo kiini kilipo. Somo au kungwi huzungumza kwa utanzu wake. Hufundisha kwa mfano, kwa kutia chumvi, kwa mzaha unaovuka mipaka ya adabu ya kila siku, na kwa kujitoa yeye mwenyewe kuwa kielelezo. Anaposema kwamba alikimbia kuozwa, kwamba mume wa pili hakufaa naye akamwacha na kushika njia, anatoa habari za maisha yake, lakini pia anafanya kazi aliyoifanya maisha yake yote mbele ya wari: anaonyesha kwamba mwanamke anaweza kuondoka.

Haifuati kwamba simulizi hiyo ni ya uongo. Mtu anaweza kufundisha kwa jambo lililomtokea kweli. Kinachofuata ni kwamba vipengele vya simulizi hiyo vimechaguliwa na kupangwa na fanani hodari kwa ajili ya athari, na kwamba kipengele kinachobeba mafundisho hakipaswi kubebeshwa pia mzigo wa kronolojia. Miguu mitupu ni mfano mzuri. Katika simulizi ni picha ya mtu aliyeondoka bila kitu. Katika wasifu wa mtandaoni imekuwa maelezo ya usafiri.

Mwenye kutaka kuthibitisha dai la ndoa ya kulazimishwa angeanza na kitenzi. Kiswahili hutofautisha kuoa, kuolewa na kuozwa. Kuozwa ni hali ya kutendwa inayotokana na kuoza kwa maana ya kumpa mtu mke au mume. Anayeozwa ana mlezi aliyeamua, na kwa kizazi hicho karibu kila ndoa ya kwanza ya msichana ilikuwa ya kuozwa.  Mfasiri wa Kiingereza mara nyingi huchagua kati ya ndoa iliyopangwa na ndoa ya kulazimishwa, na akichagua ya pili, maneno hayo yakirudi kwa Kiswahili huja yamevaa sare ya ripoti za haki za binadamu. Bi Kidude alizungumza Kiswahili. Wengi waliomtangaza duniani waliandika kwa Kiingereza. Kati ya kinywa chake na ukurasa wa Kiswahili wa leo kuna mito miwili ya tafsiri, na kilichovushwa mara mbili hakiwezi kunukuliwa kama kauli yake. Kadhalika umri wa miaka 13. Tarakimu hiyo ina usahihi usiolingana na mtu ambaye mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani: asiyejua alizaliwa lini hawezi kujua kwamba alikuwa na miaka 13 na si 15. Yaelekea nyuma ya tarakimu ipo hatua ya maisha, yaani kuvunja ungo, ambayo mtu mwingine aliigeuza kuwa hesabu.

Filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006 juu ya Bi Kidude, As Old as My Tongue, ililiona tatizo hili mapema kuliko kurasa nyingi zilizoitumia baadaye. Jina lake linatokana na msemo wa Kiingereza ambao mtu huutumia kukwepa swali la umri: anajibu kwamba umri wake ni sawa na wa ulimi wake. Ni jibu lisilojibu. Na jina dogo la filamu hiyo linataja kisasili kwanza na maisha baadaye, kwa mpangilio huo. Filamu ambayo jalada lake linakataa kutaja umri imefanywa na wengi kuwa chanzo cha umri. Sijui mfano bora zaidi wa matini kusomwa kinyume na tamko lake.

Bila shaka umri wenyewe ulikuwa na soko. Mwanamke mzee aliyesimama jukwaani Ulaya, akavuta sigara na kupiga ngoma, aliuzwa kama mwimbaji mkongwe kuliko wote, na kila mwaka uliongezwa bei. Sioni sababu ya kumtoa Bi Kidude mwenyewe katika soko hilo kana kwamba hakulielewa. Katika jamii ambamo uzee hupokewa kwa shikamoo, naye akiwa mtu aliyeishi kwa kuisoma hadhira, huenda alijua vizuri ni nini kilichokuwa kikitafutwa na wageni waliomjia na vinasa sauti. Kumwona kama chombo kisicho na hila ambacho ukweli unamwagika kutoka ndani yake ni dharau, hata ikitolewa kama sifa.

Pale ambapo hati zipo

Hoja hii ingeweza kueleweka vibaya, kana kwamba mapokeo ya mdomo ndiyo yenye shaka na maandishi ndiyo salama. Mtu mwingine mashuhuri aliyezaliwa Unguja anasaidia kuzuia dhana hiyo. Farrokh Bulsara, aliyejulikana duniani kama Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Siku hiyo haina ubishi. Baba yake alikuwa karani wa fedha katika Mahakama Kuu ya serikali ya kikoloni. Familia hiyo ya Kiparsi iliishi mjini, karibu na hospitali, karibu na ofisi, karibu na wino. Tofauti kati ya siku kamili ya mmoja na muongo wa kubahatisha wa mwingine, katika kisiwa kimoja, haitokani na uaminifu wa familia zao. Inatokana na nani aliyekuwa karibu na rejista. Tasnifu inayodai cheti cha kuzaliwa kama kipimo cha pekee cha ukweli itakuwa inaandika historia ya wale waliohesabiwa tu.

Hata hivyo hati hazikumaliza mambo ya Mercury. Nyumba aliyoishi utotoni Mji Mkongwe imeonyeshwa kwa wageni katika zaidi ya jengo moja, na jumba la makumbusho lililofunguliwa Shangani mwaka 2019 limelipa dai mojawapo uzito ambao ni wa kibiashara kadiri ulivyo wa kihistoria. Na juu ya jambo zito zaidi la maisha yake binafsi, yaani ugonjwa, mpangilio wa vyanzo tuliouzoea unageuka juu chini. Kwa muda mrefu uvumi wa magazeti ya udaku ulisema ana ukimwi, na kauli za upande wake zilikanusha. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa tamko la kukiri. Tarehe 24 alifariki. Mwandishi mwangalifu wa mwezi Oktoba mwaka huo, aliyefuata kanuni ya kumwamini mhusika na kuukataa udaku, angeandika jambo lisilo kweli, na hata hivyo angekuwa ametenda sawa. Udaku ulilipata jambo bila kuwa na ushahidi wa kulisema, na mgonjwa hakuwa na deni la kuwaambia wasomaji hali ya damu yake.

Mfano huu unatenganisha maswali mawili ambayo wasifu wa mtandaoni huyachanganya: je, dai ni kweli, na je, mwandishi alikuwa na haki ya kulitoa? Kwa Bi Kidude swali la pili lina jibu la nafuu, kwa sababu mengi aliyasema hadharani mwenyewe. Lakini hata hapo kuna mpaka. Aliyoyasema mbele ya kamera ameyatoa. Yanayonong'onwa na majirani kuhusu waume zake hakuyatoa, na kifo hakikuyahamishia mikononi mwetu.

Yanayoweza kufanywa sasa

Kabla ya yote, sentensi ibadilike. Badala ya kuandika kwamba Bi Kidude alizaliwa mwaka 1910, tasnifu inaweza kuandika hivi: Bi Kidude alizaliwa Unguja wakati rupia ilipokuwa fedha ya visiwa hivyo, yaani si baada ya mwaka 1935, yeye na waliomwandika walikadiria kuzaliwa kwake katika muongo wa 1910. Sentensi hiyo ni ndefu na haivutii. Inabeba msemaji, inabeba mpaka, na inamwachia mtafiti wa baadaye nafasi ya kuusogeza mpaka huo.

Na mpaka unaweza kusogezwa. Kanda zisizohaririwa za mahojiano, ambamo maswali yenyewe yanasikika pamoja na majibu, zina thamani kuliko filamu zilizokamilika. Picha za klabu za Dar es Salaam, zikiwa na tarehe za sherehe nyuma yake, zinaweza kumwonyesha akiwa na rika gani na kati ya nani. Waliofundwa naye ni mashahidi wa aina ya pekee: mwanamke ambaye mwaka wake wa kuzaliwa umeandikwa, na ambaye anakumbuka kwamba alipochezwa unyago Bi Kidude alikuwa tayari kungwi mkuu au bado alikuwa msaidizi wa mwingine, anatoa kipimo ambacho hakuna ukurasa wa mtandaoni ulicho nacho. Wengi wao waliochezwa kabla ya Mapinduzi sasa ni wazee sana. Kazi ya kuwauliza inapaswa kufanywa na mtu anayejua kuuliza jambo hilo kwa Kiswahili cha Unguja, kwa adabu zake, bila kuanza na tarakimu.